Kamba za Mawe za Tomar

Ureno ina ngome nyingi mno. Ukiondoka Lisbon kwa gari kuelekea kaskazini, kabla hujamaliza kahawa uliyobeba umeshaziona mbili tatu, kila moja juu ya kilima chake, na baada ya muda huulizi tena hiyo ni ipi. Sisi tulikuwa na nafasi ya kusimama katika mji mmoja tu kabla ya kuvuka kuingia Uhispania, na ugomvi ulikuwa Óbidos au Tomar. Binamu yangu, mwenye gari, ambaye alilitoa Rotterdam akaja nalo hadi Lisbon kutuchukua, alitaka Óbidos kwa sababu nyumba zake nyeupe zinatoka vizuri kwenye picha. Mimi nilitaka Tomar. Baba yake, ambaye kwangu ni ami, hakutaka chochote ila choo safi na mahali pa kuswali.

"Ami," nikamwambia, "ule msalaba wa Wareno uliokuja Mombasa umechorwa kwenye matanga, makao yake makuu yalikuwa Tomar."

"Basi twende tukawaone waliotutumia salamu," akasema. Kura mbili kwa moja.

Ni kama kilomita 140 kutoka Lisbon. Barabara ni ya kulipia, laini, haina mashimo wala matuta, na kwa mtu aliyezoea Mombasa–Malindi inachosha kwa jinsi isivyo na kitu cha kukushtua. Ami alikaa mbele, upande ambao kwetu ni wa dereva, na kila tulipopishana na lori mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwepo. Mizeituni, mikalitusi, viwanda, kisha mabonde yanaanza kubana, halafu ghafla mto mdogo uitwao Nabão, daraja, na juu ya kilima ukuta mrefu wa rangi ya mchanga.

Mji wenyewe ni mdogo, unazunguka kwa miguu asubuhi moja. Kati yake kuna uwanja wa mawe meusi na meupe, kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji upande mmoja, ofisi za manispaa upande wa pili, na katikati sanamu ya Gualdim Pais, mkuu wa Watemplari nchini Ureno, aliyeanza kujenga ngome hapo juu mwaka 1160. Watemplari walikuwa watawa na askari kwa pamoja: waliweka nadhiri za useja na umaskini, wakavaa deraya, wakapanda farasi. Pais alipigana Vita vya Msalaba huko Mashariki kabla ya kurudi kwao, na aliyoyaona huko aliyaleta hapa, kama utakavyoona tukifika juu.

Barabara kuu ya maduka inaitwa Serpa Pinto. Nilisimama chini ya kibao nikacheka peke yangu. Serpa Pinto ndiye yule mwanajeshi wa Kireno aliyevuka Afrika kutoka Angola hadi upande wa Natal kati ya 1877 na 1879, akiwa na wapagazi wa Kiafrika waliobeba kila kitu, pamoja na yeye mwenyewe alipougua. Sasa barabara yake inauza viatu na aiskrimu. Huwezi kutembea hatua nyingi katika mji huu bila kukanyaga kipande cha Afrika, ila hakuna anayekwambia.

Kabla ya kupanda tuliingia kwenye sinagogi, katika kichochoro chembamba kinachofanana kabisa na vya Kibokoni kule Mombasa, isipokuwa hapa hakuna paka wengi. Ni chumba kimoja tu cha mraba, cha katikati ya karne ya 15, chenye nguzo nne nyembamba zinazobeba dari la matao. Ndilo sinagogi kongwe kuliko yote yaliyobaki mazima Ureno. Mhudumu alitwambia tuangalie pembe za juu. Kila pembe ina matundu madogo meusi, na nyuma ya kila tundu kuna mtungi wa udongo uliojengewa ukutani kichwa chini ili sauti ya msomaji ijae chumbani. Ami akapiga kohozi la muadhini kujaribu. Kweli, ilijaa.

Mwezi Desemba 1496 Mfalme Manuel I alitoa amri Wayahudi na Waislamu waondoke Ureno. Wayahudi wengi hawakuachwa hata waondoke, walibatizwa kwa nguvu mwaka uliofuata. Chumba hiki kikawa gereza, kikawa kanisa dogo, kikawa ghala, mpaka mhandisi Myahudi kutoka Poland, Samuel Schwarz, alipokinunua mwaka 1923 na baadaye kukikabidhi kwa serikali. Makumbusho yaliyomo ndani leo yana jina la Abraham Zacuto, mnajimu aliyetengeneza majedwali ya jua na nyota ambayo Vasco da Gama alisafiri nayo. Yaani da Gama alipofika kwetu mwaka 1498 alikuwa akipima mahali alipo kwa hesabu za mtu ambaye mfalme huyohuyo alikuwa ameshawafukuza watu wake. Zacuto alikimbilia Tunis.

Kutoka uwanjani hadi langoni mwa ngome ni mpando mkali. Binamu alipendekeza gari. Ami akakataa, akasema ngome hupandwa kwa miguu ili ujue aliyeishambulia alikuwa na hali gani. Akapumzika njiani kuliko alivyotaka tuone.

Ukifika, kitu cha kwanza kinachokushangaza ni kwamba ukuta hausimami wima. Sehemu ya chini imelala mshazari, imejengwa kwa mawe mpaka juu ya kimo cha mtu, ndipo ukuta wa kawaida unapoanza. Pais aliuleta mtindo huo kutoka Shamu. Ngazi ya adui haishiki vizuri hapo, anayechimba chini ya ukuta anakutana na unene asioutarajia, na jiwe likiangushwa kutoka juu linagonga mshazari na kurukia waliokusanyika. Upande wa kusini kuna lango ambalo Wareno wanaliita Lango la Damu. Damu yenyewe ni ya mwaka 1190, khalifa wa Wamuwahidun, Yaqub al-Mansur, alipovuka bahari kutoka Moroko na kuuzingira mji huu. Jeshi lake lilipasua njia likaingia ndani ya ukuta wa nje, likasukumwa nyuma.

Kuna maandishi ya Kilatini kwenye jiwe yanayosimulia habari hiyo. Yanasema mfalme wa Moroko alikuja na wapanda farasi laki nne na askari wa miguu laki tano, akaizingira ngome kwa siku sita. Laki tisa! Binamu, ambaye ni muuguzi na anapenda hesabu zikae sawa, alitazama bonde lile akauliza wangekunywa maji gani. Lakini ndivyo walinzi wa ngome wanavyohesabu tangu dunia iumbwe, na sisi tusijione wema zaidi: muulize mzee wa Mji wa Kale wa Mombasa Waomani wangapi walipanda ukuta wa Ngome yetu, Fort Jesus, mwaka 1698, utapata idadi inayopanda kila anaposimulia.

Ndani ya kuta, mahali mji wa zamani ulipokuwa, sasa kuna bustani ya michungwa. Ami aliuliza mashariki ni wapi, akatandika msala wake wa safari chini ya mti, akajumuisha adhuhuri na alasiri. Hakuna aliyegeuza shingo. Mlinzi mmoja alipita na redio yake ya mkononi, akapunguza sauti, akaendelea. Nilimwangalia ami akisujudu ndani ya ukuta uliojengwa mahususi kwa ajili ya kuwazuia watu wanaosujudu, nikaona mambo mengi ya kusema, nikanyamaza, maana akimaliza swala huwa hapendi kukuta watu wana maneno.

Sasa monasteri. Ngome ya Tomar ina mkia: nyuma yake watawa walijenga, kwa karne kadhaa, nyumba juu ya nyumba, ua juu ya ua, mpaka majengo yao yakaimeza ngome yenyewe. Yote kwa pamoja yanaitwa Convento de Cristo, na yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1983. Ukitaka kuona kila ua, kila ukumbi, jiko, mabohari na ule ujia mrefu wenye vyumba vya watawa, jipe nusu siku. Mengi ni mazuri na mengi yanafanana. Mimi nitasema juu ya vitu viwili.

Cha kwanza ni kanisa la duara la Watemplari wenyewe, la karne ya 12, wanaloliita Charola. Nje lina pande kumi na sita, ndani katikati yamesimama matao manane marefu yanayozunguka altare, na mwabudu anazunguka pembeni. Limejengwa kwa kukumbuka Yerusalemu, kanisa la Kaburi Takatifu na Kuba la Mwamba pia. Waongozaji husema mashujaa walisali humo juu ya farasi, wakizunguka. Ni hadithi tu, lakini ukisimama pale unaelewa kwa nini mtu aliitunga, kwa maana matao ni marefu kupita mahitaji ya watu wa miguu. Kila kipande cha ukuta kimepakwa dhahabu na sura za watakatifu za karne ya 16. Ami alisema ni kazi nzuri ila inamchosha macho, akatoka nje.

Cha pili ni dirisha.

Kwanza lazima nieleze mwenye dirisha. Mwaka 1312 Papa Clement V alilivunja shirika la Watemplari. Ufaransa walikuwa wameshakamatwa, wakateswa, wengine wakachomwa moto. Ureno hali ilikuwa tofauti. Mfalme Dinis alijadiliana na papa aliyefuata, na mwaka 1319 likazaliwa Shirika la Kristo, ambalo lilirithi ardhi za Watemplari nchini, ngome zao, na wengi wa watu wao. Ilikuwa kama kampuni inayofilisiwa Ijumaa ikafungua Jumatatu kwenye ofisi ileile kwa bango jipya. Makao makuu yalirudi Tomar mwaka 1357. Mwaka 1420 msimamizi wake akawa mwana wa mfalme, Henrique, yule ambaye vitabu vyetu vya shule vilimwita baharia ilhali mwenyewe hakusafiri mbali kuliko Moroko. Mapato ya shirika hili yalisaidia kugharimia merikebu zilizoanza kuteremka pwani ya Afrika magharibi, na msalaba wake mwekundu ukachorwa kwenye matanga.

Halafu kuna karatasi moja ambayo ningependa kila mtoto wa pwani aisikie. Mwaka 1456 Papa Calixtus III alilipa Shirika la Kristo mamlaka ya kidini juu ya nchi zote kuanzia rasi ya Bojador, kupita Guinea, na pwani yote ya kusini hadi kwa Wahindi. Yaani kwa mujibu wa karatasi hiyo kasisi wa Tomar, mji huu wa mto mdogo na mizeituni, alipewa Mombasa, Kilwa, Malindi na Sofala miaka 42 kabla ya merikebu yoyote ya Kireno kufika huko. Watu wa Kilwa walikuwa wakijenga misikiti na kupiga sarafu zao, hawana habari kwamba wameshaandikishwa.

Manuel I mwenyewe alikuwa mkuu wa Shirika la Kristo kabla ya kuwa mfalme. Fedha za Bahari ya Hindi zilipoanza kumiminika, alimwita msanifu Diogo de Arruda aongeze jengo ubavuni mwa lile kanisa la duara, na mnamo 1510 hadi 1513 Arruda akatengeneza kwenye ukuta wa magharibi dirisha ambalo Wareno wanalichapa kwenye kila kitabu cha shule. Utaliona ukisimama kwenye ua mdogo wa Santa Bárbara. Dirisha lenyewe ni dogo, la vyuma, giza. Kinachotazamwa ni fremu. Juu kabisa upo msalaba wa Shirika, chini yake ngao ya mfalme, pembeni matufe ya pete waliyopimia nyota, na chini kabisa kichwa cha mzee mwenye ndevu aliyebebeshwa mizizi ya mti. Kati ya hivyo vyote jiwe limeacha kuwa jiwe: mwani, matumbawe, minyororo, na kamba, kamba, kamba.

Ami alifanya kazi bandari ya Kilindini mpaka akastaafu, na baba yake alikuwa nahodha wa jahazi. Kwa kanisa la dhahabu alikuwa amechoka, lakini hapa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaanza kusoma.

"Waiona ile nene? Ile amari, ya nanga. Imesokotwa kuelekea kulia. Na ile nyembamba inayoizunguka ni ya kuifunga isifumuke. Pale amepitisha ndani ya vile viduara, vyelezo vile, vya nyavu."

Ni kweli, ni vyelezo vya koki, gome la mti unaoota kila mahali nchini humo. Amevichonga kimoja kimoja, vimetungwa kwenye kamba kama vinavyotungwa kwenye nyavu hadi leo, na kamba inavipita imelegea kidogo, ina uzito wake. Mahali kamba inapokunja kona, nyuzi za upande wa ndani zimebanana na za upande wa nje zimeachana, kama kamba ya kweli inavyofanya. Fundi hakukumbuka kamba kwa mbali. Alikuwa nayo mkononi.

"Huyu ameishi pwani," ami akasema. "Wallahi amewahi kupigwa na amari."

Na pale ndipo nilipomsimulia habari ya majodari. Shajara ya safari ya kwanza ya da Gama, iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwa merikebuni, ipo, na inaeleza siku zao Mombasa mwezi Aprili 1498. Walitia nanga nje ya bandari, wakaletewa machungwa, kondoo na maneno matamu, wakashuku. Usiku mmoja da Gama aliwahoji watu wawili aliokuwa amewachukua Msumbiji kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka kwenye ngozi, mpaka wakakiri kwamba kuna njama. Usiku huohuo, karibu na saa sita, mitumbwi miwili ilikuja kimya. Watu wakaingia majini wakaogelea, wengine kuelekea merikebu ya Bérrio, wengine São Rafael. Waliofika Bérrio wakaanza kukata amari. Walinzi wa zamu waliona kitu kinachezacheza majini wakadhani ni majodari. Walipogundua wakapiga kelele, na wale waogeleaji, ambao wengine walikuwa wameshashika kamba za mlingoti wa nyuma, wakateleza majini wakatoweka.

Ami alicheka mpaka Wafaransa waliokuwa karibu wakatabasamu bila kujua sababu. "Majodari!" akasema. "Watu wa Mvita majodari!" Halafu akalitazama tena dirisha, akanyoosha kidole kwenye ile amari ya jiwe, akaonyesha mahali ambapo yeye angekatia. Si katikati, akasema. Karibu na chombo, ambako imekazwa.

Nimesoma sifa nyingi za dirisha hili na zote ni za upande wa merikebu: ushujaa, bahari, ugunduzi. Sina ugomvi na fundi, na kusema kweli ni kazi ya mkono iliyonigusa kuliko yote niliyoiona katika safari ile. Lakini mtu akitoka Mombasa akasimama pale ana haki ya kulisoma kutoka upande wa mwenye kisu. Kamba ile haikuelea hewani, ilikuwa na mwisho wa pili, na mwisho wa pili ulikuwa umetiwa nanga kwetu. Waogeleaji wa usiku ule hawana jina wala jiwe. Da Gama aliondoka Mombasa, akaenda Malindi akapata rubani wa kumfikisha Kalikut, India. Miaka saba baadaye, Agosti 1505, akaja Francisco de Almeida na merikebu nyingi zaidi, akaitia Mombasa moto. Sehemu ya utajiri uliochonga dirisha la Tomar miaka mitano baada ya moto ule ilitoka katika bahari hiyohiyo. Sikuona kibao ukutani kinachosema hivyo, na nilitafuta.

Kinachosemwa sana ukutani ni kuhusu mwaka 1581, na huo nao unatuhusu. Mfalme kijana Sebastião alikuwa amekufa vitani Moroko mwaka 1578 bila mtoto, mrithi wake mzee akafa 1580, na Philip II wa Uhispania akaja kudai kiti kwa haki ya mama yake na kwa jeshi. Aprili 1581 alilikutanisha baraza la Ureno hapa Tomar, na katika monasteri hii akatangazwa mfalme wa Ureno. Ua mkubwa kuliko zote, wa nguzo mbilimbili na ngazi za mzunguko pembeni, bado unaitwa kwa jina la akina Philip.

Basi mfalme huyu aliyetangazwa Tomar ndiye aliyeamuru Ngome yetu ijengwe. Waturuki walianza kuonekana pwani miaka ya 1580, kamanda wao Mir Ali Bey akapokewa Mombasa kwa mikono miwili, Wareno wakatuma jeshi la majini 1589 likamkamata, kisha wakaamua kwamba mji huu hauwezi kuachwa bila mizinga juu ya kichwa chake. Ujenzi ulianza 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, kwa mawe ya matumbawe.

Mwaka huohuo wa 1593, kwa amri ya mfalme huyohuyo na kwa usimamizi wa Mtaliano mwingine, Filippo Terzi, ulianza ujenzi wa mfereji wa kuwaletea watawa wa Tomar maji ya kunywa.

Tulikwenda kuuona tukiondoka, maana uko dakika chache tu kwa gari, na hakuna anayekuuliza tiketi. Mfereji mzima una urefu wa kilomita sita hivi, matao 180, na ulikamilika 1614. Pale kwenye bonde la Pegões unavuka juu ya matao ya ghorofa mbili, ya chini yamechongoka, ya juu ni ya duara, yapata mita 30 kutoka chini. Kila mwisho wa daraja kuna kibanda chenye kuba, ndani yake birika la jiwe ambamo maji yalitulizwa yaache mchanga. Juu unaweza kutembea kando ya mtaro. Upana unatosha mtu mmoja, na hakuna kizuizi cha aina yoyote, upande huu wala ule. Binamu alikwenda hadi katikati akipiga picha na kuniita mwoga. Alikuwa sahihi.

Ami alikaa kwenye ngazi za kibanda. Nikamwambia habari za 1593. Akakaa akihesabu.

"Kwa hivyo karani alikuwa na madaftari mawili mezani," akasema. "Moja la maji, moja la mizinga."

"Huenda hata daftari lilikuwa moja, ami."

"Na fundi wote Wataliano." Hilo ndilo lililomkera zaidi, sijui kwa nini. Njia nzima mpaka mpakani alirudia kwamba Wareno walishindwa kujijengea hata choo.

Chakula: tulikula kabla ya Pegões, mjini, kando ya mto, karibu na gurudumu kubwa la mbao linalochota maji kwa vyungu vya udongo. Samaki wa kuchoma, viazi, mafuta ya zeituni mengi. Kwa anayechunga halali, Ureno ya ndani si rahisi, nyama ya nguruwe inaingia hata kwenye supu ya mboga, kwa hiyo uliza kila kitu na ukae na samaki. Kisha agiza fatias de Tomar. Ni viini vya mayai vitupu vilivyopigwa muda mrefu, vikapikwa kwa mvuke ndani ya sufuria yake maalumu, vikakatwa vipande na kuloweshwa shira. Ni tamu kupindukia. Ami, mwenye sukari, alipewa kijiko kimoja na bintiye, akatumia kile kijiko mara ambazo hazikuwa kwenye makubaliano.

Ukipanga safari yako mwenyewe, angalia mwaka. Kila baada ya miaka minne, mwezi Julai, Tomar hufanya sherehe ya Tabuleiros, na iliyopita ilikuwa 2023, kwa hiyo ijayo ni 2027. Mamia ya wanawake waliovaa nyeupe hupita mitaani na kila mmoja amebeba kichwani mnara wa mikate 30 iliyotungwa kwenye fimbo, umepambwa maua ya karatasi na masuke ya ngano, juu yake taji. Mnara ni lazima uwe na kimo sawa na aliyeubeba, na unafika kilo 15 hivi. Kando ya kila mwanamke hutembea mwanamume wa kumsaidia ukiyumba. Siku inayofuata mikate, nyama na mvinyo hugawiwa wenye shida. Vyumba vya kulala hujaa mapema sana, usije bila kuweka nafasi.

Mnara mmoja ulikuwa umewekwa kwenye dirisha la duka, na chini yake kata ya kitambaa, imezungushwa vilevile kama ile ya mama muuza samaki wa Likoni. Binamu akasimama kando yake kupima kimo, akasema kilo 15 si kitu, yeye anageuza wagonjwa wazima kitandani.

"Kichwani, mwanangu, si mkononi," ami akasema. "Hujapata kubeba hata ndoo ya maji."

"Nitabeba."

"Haya. Elfu mbili na ishirini na saba. Mimi ndiye nitakayetembea kando."